Nne Zilizobaki

Elfu nne mia nne arobaini na nne. Itaje polepole utaona haina pa kushikia. Ukiiandika ni tarakimu moja imejirudia mara nne, kama nguzo za banda ambalo halijaezekwa. Watoto wangu wanajua sipendi itajwe mbele yangu, lakini sababu hawaijui, maana sijawahi kuwaambia. Nawaandikia hapa wasome nikishaondoka, na wasije kaburini kuniuliza maswali.

Namba hiyo nilifundishwa na baba yangu, kule Gwata. Baba alikuwa mkulima wa mpunga na mihogo kama watu wote wa kwetu, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pia, na zaidi ya hayo alikuwa mtu wa mirathi. Mtu akifa akaacha shamba, mbuzi na watoto wa wake wawili, wazee waliitwa wagawe. Wazee wakigombana, aliitwa baba. Alikuja na kifuko cha mbegu za ukwaju, akazimwaga kwenye jamvi, akatenga fungu la mjane, fungu la mama, mafungu ya watoto wa kiume na wa kike, akipunguza hapa na kuongeza pale hadi kila fungu lilipokaa kama sheria inavyotaka. Hakuwa na ubao wala chaki. Kati ya watoto wake wote ni mimi tu niliyekaa kitako kumtazama. Kaka zangu walikimbia hesabu kama mtu anavyokimbia nyuki, na hadi wanakufa walikuwa wakipunjwa kwenye mizani.

Siku moja ya mvua, wakati shambani hakuendeki, alinimwagia mbegu nyingi kuliko siku zote. Akaniambia hiyo ndiyo idadi ya uradi. Watu wakipatwa na jambo zito, mgonjwa amezidiwa au mtu amepotea, hukusanyika wakamswalia Mtume kwa maneno mafupi ya kuomba faraja, mara elfu nne mia nne arobaini na nne, isizidi wala isipungue. Kila ukisoma mara moja unasogeza mbegu moja kutoka kulia kwenda kushoto. Zikiisha zote, mikono inainuliwa, haja inaombwa.

"Haya," akasema. "Wamekuja watu watano. Kila mmoja asome ngapi?"

Nikagawa. Mia nane themanini na nane, zikabaki nne.

"Sita?"

Mia saba arobaini. Zikabaki nne.

"Wanane?"

Mia tano hamsini na tano. Nne tena. Watu kumi, mia nne arobaini na nne, na nne zikabaki. Kumi na wawili, mia tatu na sabini, na nne zile zile zikakaa pembeni zikinitazama. Nilianza kucheka. Nilidhani baba amezifanyia dawa.

Baba hakucheka, kwake hesabu ilikuwa kazi. Alinieleza kwamba mle ndani mna namba mbili zimekaa pamoja. Kuna elfu nne mia nne na arobaini, ambayo ni karimu na inakubali karibu jamaa wote wanaoweza kukaa kwenye jamvi moja. Halafu kuna nne za juu yake, na hizo ndizo zenye kiburi. Ukitaka zisibaki, watu wako lazima wawe mmoja, au wawili, au wanne, au kumi na mmoja, au ishirini na wawili, au arobaini na wanne. Wakizidi hapo, ni mia moja na mmoja, na nani amewahi kupata wasomaji mia na mmoja kwa mgonjwa mmoja? Nikamhesabia namba zote zinazoigawa bila kubakiza, hadi yenyewe, nikapata kumi na mbili. Nikamwambia, baba, ina marafiki kumi na wawili, lakini kumi na mbili yenyewe si rafiki yake. Hapo ndipo alipotabasamu kidogo.

"Ndiyo maana wenye uradi hupenda kuwa kumi na mmoja," akasema. "Elfu nne mia nne ni kumi na moja mara mia nne. Arobaini na nne ni kumi na moja mara nne. Kila mtu mia nne na nne, mtu haumii koo."

"Na wakiwa kumi? Hizo nne?"

"Atasoma aliye karibu. Mungu hana mizani ya dukani."

Neno lile nililisikia kwa sikio la mtoto, likapita. Laiti ningelishika nikamwuliza zaidi.

Niliolewa Kisarawe, vilimani, wakati wa vita vile vya pili vya Wazungu. Kutoka Gwata ni mbali, na mvua ikinyesha ni mbali zaidi. Baba alifariki mwaka huohuo, kwa hiyo nilipofika kwa watu nilikuwa sina wa kumkimbilia, nina mume mpole, mama mkwe mwenye maneno mengi na moyo mzuri, na baba mkwe.

Baba mkwe sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa mtu wa sala, mkono wake haukuwa mzito, chakula chake hakula peke yake. Kasoro yake ilikuwa moja: jambo alilolikuta kwa wazee wake hakulitia maji. Alikuwa mkuu wa wasomaji wa uradi pale kijijini. Walikuwa kumi na mmoja, mume wangu akiwa mdogo wao, na mbegu zao zilikaa kwenye kikapu chenye kifuniko juu darini. Nilipoona kikapu kile nilifurahi kama nimeona ndugu.

Lakini walikuwa na imani moja ambayo kwetu sikuisikia. Walisema mafungu lazima yawe sawa, na zinazobaki humwangukia anayeombewa. Msomaji akisoma zaidi ya mwenzake, amevuruga. Zikiachwa bila kusomwa, mgonjwa ndiye anabebeshwa. Chanzo chake nilisimuliwa na mama mkwe tukichambua kunde. Zamani walisoma watu tisa kwa ajili ya mtu aliyeumwa na nyoka. Tisa katika namba ile hutoa mia nne tisini na tatu kila mmoja, zinabaki saba. Hakuna aliyezisoma saba zile, na mtu yule akafa siku ya saba. Nikamwambia mama mkwe, angekufa siku ya tano mngeitafuta tano mahali pengine. Akanipiga kibao cha begani, akacheka, akaniambia nisirudie maneno hayo mbele ya wanaume.

Nilijifungua mwaka uliofuata, mtoto wa kiume, mwenye nywele nyingi na sauti ya kugomba. Mkunga alikata kitovu kwa wembe wa nyumbani, akapaka majivu, kama alivyowafanyia wanawake wote wa pale. Siku ya saba alinyolewa, akapewa jina. Jina hilo sitaliandika.

Jioni ya siku hiyo alikataa ziwa. Nikadhani amechoka na kelele za wageni. Asubuhi nilipomwekea tena, midomo yake ilikuwa imekaza kama mtu anayeonja kitu kichungu, na taya halikufunguka. Nikamkamulia maziwa kwenye kijiko, yakamwagika shingoni. Kisha akajikunja kwa nyuma, mgongo umeinuka kitandani kama upinde, ngumi zimefungwa. Hakulia. Tangu hapo hakulia tena, na kwa hilo peke yake nilijua.

Mama mkwe alisema ni dege, pepo anayekakamaza watoto. Hata hivyo alimfunga mgongoni akaenda naye zahanati, maana mimi nilikuwa ndani ya siku arobaini za uzazi na mzazi hatoki. Alirudi saa sita, uso umemshuka. Mtu wa zahanati alimfunua mtoto, akamgusa taya kwa kidole, mtoto akakakamaa pale mezani. Akasema huo ni pepopunda, hana dawa yake, na hata huko mjini watoto wa namna hiyo ni nadra kurudi nao wazima. Leo najua alisema kweli. Najua pia ugonjwa uliingilia kwenye kitovu. Nasema haya mapema ili msomaji asije akafikiri nimekaa miaka yote hii nikiamini kwamba hesabu ingemfungua taya. Silaumu hesabu.

Baba mkwe aliposikia alilia. Nilimsikia kupitia ukutani, maana chumba changu kilipakana na baraza na udongo ulikuwa umebomoka mahali, nikaona hata vidole vya miguu yake. Akajifuta, akaagiza kikapu kishushwe na wasomaji waitwe.

Wakaja kumi.

Wa kumi na mmoja wao hakuwapo. Mwezi ule jumbe alipita na askari kuchukua watu wa kukata mkonge, kwa sababu ya vita, na mmoja wa wasomaji alichukuliwa. Kila mtu alijua. Lakini kujua na kukumbuka ni mambo mawili, na hadi mbegu zilipomwagwa na mafungu kumi na moja kutengwa, ndipo walipoona fungu moja halina mtu. Sauti zikashuka. Mmoja akasema, labda tusome hivihivi, tuko kumi. Baba mkwe akamwuliza: "Zinabaki ngapi?" Yule akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nilijua. Mtoto alikuwa mapajani, nimeziba dirisha kwa kanga kwa sababu mwanga ulimtia mshtuko, na kichwani mwangu hesabu ilikuwa inakwenda yenyewe.

Nikamwita mama mkwe. Mkwe hazungumzi na mkwewe wa kiume uso kwa uso, na mzazi ndio kabisa. Nikamwambia: "Mama, nenda kawaambie wasome wanne. Namba hii inawakubali wanne. Kila mmoja elfu moja mia moja na kumi na moja, hakibaki kitu."

Akaenda. Nikasikia anavyolisema, neno kwa neno.

"Wanne?" Baba mkwe akasema. "Na hawa sita nimwambie nani ainuke? Watu wameacha mashamba yao kumwombea mjukuu wangu, niwaambie hamhitajiki?"

Ilikuwa kweli kwa namna yake. Kumwinua mtu jamvini ni kumvunjia heshima, na yeye alikuwa wa kuishi nao. Mama mkwe akarudi. Mtoto alijikunja tena, safari hii kwa muda mrefu, na rangi ya midomo yake ikageuka. Nilipoona amelegea nikamshika mama mkwe mkono.

"Basi wasome kumi. Kila mmoja mia nne arobaini na nne, wako sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Zitabaki nne. Hizo nne nisome mimi. Mimi ndiye wa kumi na mmoja."

"Mwanangu, wewe ni mzazi."

"Nne tu, mama. Waambie nne tu."

Akaenda. Safari hii alisema kwa sauti ndogo, na ikabidi nitege sikio. Niliona vile vidole vya miguu vikijikunja na kujikunjua kwenye jamvi.

"Hajatoka arobaini," baba mkwe akasema. "Ulimi wake hauna udhu. Akisoma yeye tutakuwa tumebakiza, tena tumebakiza kwa uchafu. Kama ningekuwa simpendi mtoto huyu ningekubali." Watu wakaitikia kwamba ndivyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Hakuna aliyekuwa na shaka, hata mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nilijua kugawa mirathi ya mtu mwenye wake wanne, lakini suala la ulimi wangu mwenyewe sikuwahi kulisoma, nikalipokea kama lilivyosemwa.

Ikaamuliwa atafutwe wa kumi na mmoja. Vijiji vya karibu vilikuwa vimepungukiwa na wanaume kama cha kwetu. Wakamkumbuka mtu mmoja wa Mbwawa, msomaji mzuri, aliyewahi kukaa nao zamani. Mume wangu akasema atakwenda yeye. Alikuja mlangoni, hakuingia, akanong'ona:

"Namfuata. Nitakwenda mbio. Mshike tu hadi nirudi."

"Kumi mnatosha," nikamwambia. "Usiende. Kaa usome."

"Baba kasema."

"Baba yako anaogopa mbegu nne."

Alikuwa amekwisha kujifunga kikoi vizuri kwa safari, na alipogeuka niliona amesahau viatu. Mbwawa si karibu. Ni kushuka vilima vyote, kupita msituni na kwenye mabonde ya matope. Nilimpenda sana mume wangu saa ile, na nilimkasirikia kiasi kwamba sikumtakia safari njema.

Uradi ule, wangeusoma kumi mchana ule, ungekwisha kabla ya alasiri. Badala yake wanaume wale walikaa. Walioondoka kwenda kuangalia mbuzi walirudi. Mafungu kumi na moja yalikuwa pale jamvini, yamepangwa kwa mstari, na hakuna aliyeyagusa, kwa kuwa anayeanza kabla ya wenzake naye amevuruga. Jioni mama mkwe aliwapelekea ugali. Asubuhi aliwapelekea uji. Waswahili husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na methali hiyo wale wazee walikuwa wakitutolea sisi vijana kila siku ya Mungu.

Mtoto alifariki asubuhi hiyo, jua limekwisha kupanda. Sitaeleza alivyofariki. Alikuwa mapajani, nikahisi uzito wake umebadilika. Sikupiga ukelele. Nilimfunga taya kwa kitambaa kwa desturi, ingawa taya lake halikuhitaji kufungwa, na hapo ndipo nilipolia.

Wakachimba. Kaburi la mtoto mchanga ni kazi fupi. Baba mkwe alimwosha mwenyewe, akamkafini, na wote wakasimama wamngoje baba yake kidogo, maana ilikadiriwa hayuko mbali. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, lina udongo mbichi. Kikapu kilikuwa wazi. Jamvi la mafungu hakuna aliyekumbuka kulitoa.

Mimi nilikuwa natazama kupitia lile tundu la ukuta. Basi tukamsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anapanda kilima akiita kwa sauti iliyokatika: "Nimempata! Nimempata!" Akatokea uani, miguu imechanika, akimshika mkono mtu mwembamba wa makamo aliyebeba kanzu yake begani. Alikuwa anacheka. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka kwa nadra, na kwa miaka tuliyoishi pamoja sikumbuki kumwona tena na uso ule.

Akaliona jembe.

Yule mtu wa Mbwawa hakuliona. Alikuwa mgeni, ameitwa kusoma, ametembea tangu alfajiri. Akasalimia, akaitikiwa kwa midomo. Akaomba maji, akatawadha, akavaa kanzu yake, akaenda jamvini akaona fungu moja halina mtu. Akakaa mbele yake. Na kwa vile wote walisimama kimya, akadhani wenzake wamekwisha kusoma na ni yeye anayengojwa. Akaanza. Alikuwa na sauti nzuri, ya chini, isiyo na haraka. Alimswalia Mtume na kuomba mafundo yafunguke na dhiki ziondoke, akasogeza mbegu, akaanza tena. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Sijui alisogeza ngapi. Mimi ninayehesabu hata punje za mahindi kwenye gunzi, zile sikuzihesabu. Mwishowe baba mkwe alikwenda akapiga magoti mbele yake, akamfunika mkono kwa mkono wake.

Arobaini yangu ilipokwisha nikaoga, nikatoka, nikalima. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira, nilikuwa sina la kusema.

Kisha ulikuja mwezi wa Maulidi, na mwalimu kutoka pwani akaalikwa kijijini. Baada ya kisomo alikaa kujibu maswali, wanaume mbele, sisi nyuma ya pazia la mikeka. Wanawake wakauliza mambo ya saumu na talaka. Mimi sikuwa nimepanga kuuliza. Nilijikuta nimeinua sauti.

"Shikamoo mwalimu. Mwanamke aliyejifungua, yuko ndani ya arobaini, anaruhusiwa kumswalia Mtume?"

"Marahaba. Asisali, asishike msahafu, asisome Kurani. Lakini kumswalia Mtume na kumtaja Mola wake, nani amemkataza? Hata akiwa jikoni, hata akiwa kitandani. Ulimi wake ni wake." Akaendelea na swali jingine. Kwake lilikuwa dogo, la kujibiwa na mtoto wa chuo.

Kupitia mkeka nilimwona baba mkwe amekaa safu ya mbele. Alishusha kichwa. Hakukiinua hadi watu walipoanza kuondoka.

Kesho yake nilikuwa natwanga, akaja akasimama umbali wa hatua chache, akanipa ubavu, kama adabu inavyotaka. Lakini alisema nami mwenyewe, hakumtuma mtu.

"Mwanangu, sikujua."

Nikaweka mchi. "Baba, uliuliza?"

Ni maneno mawili, na kwa mkwe ni mengi. Mama mkwe aliyasikia akashika mdomo. Yeye alitikisa kichwa, si kwa hasira, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuongoza uradi tena, na kikapu kikarudi darini.

Mimi ndiye niliyekishusha. Nilihesabu mbegu elfu moja mia moja na kumi na moja, nikazitia kwenye kibuyu. Namba ile, nimesema, humkubali mtu mmoja, na huwakubali wanne. Nami nilikuwa na nne zangu nilizonyimwa. Basi kila asubuhi nilisoma nne, nikahamisha mbegu moja kutoka kibuyu hiki kwenda kingine. Sikumwambia mtu. Wala sitajisingizia uchamungu; siku nyingi nilisoma kwa hasira, meno yamegusana, kama mtu anayedai fungu lake la mirathi kwa ndugu wakaidi. Nilisoma nikiwa na udhu na nikiwa sina, nikiwa na hedhi, nikiwa na homa. Nilisoma tumbo likikua tena.

Nilipojifungua binti, nikarudi kwenye chumba kilekile. Safari hii kitovu kilikatwa na mkunga wa zahanati, niligombana hadi nikapata. Na kila asubuhi ya arobaini ile, nne zangu nilizisoma kwa sauti, wazi, uso wangu umeelekea pale ukuta ulipobomoka. Baba mkwe alikuwa amezeeka ghafla, anashinda barazani. Siku za kwanza alikuwa akikohoa na kujisogeza. Baadaye alizoea kungoja. Nikimaliza ya nne nilimsikia upande wa pili akisema "Amina," taratibu. Nami nilikuwa nimekusudia kumwumiza. Sikuacha kusoma, lakini sauti niliishusha.

Alifariki kabla ya kibuyu kuisha. Haba na haba hujaza kibaba, na hukimaliza pia. Nilivuna mara kadhaa, vita vikaisha, yule aliyechukuliwa mkonge hakurudi, na asubuhi moja nikaingiza mkono kibuyuni nikakuta mbegu moja.

Nilisoma nne. Nikaihamisha. Elfu nne mia nne arobaini na nne, msomaji mmoja, hakuna kilichobaki. Baba yangu angetabasamu kidogo.

Uradi ukitimia huinuliwa mikono, haja ikaombwa. Nikainua. Nikatafuta haja yangu. Binti yangu alikuwa nje, mzima, anamfukuza kuku. Mume wangu alikuwa shambani. Nilijua nikitaka naweza kuwaombea wao, na ni wajibu wangu. Lakini uradi ule sikuusoma kwa ajili yao. Tangu mbegu ya kwanza nilikuwa na haja moja tu, afungue mdomo anyonye, na kwa muda wote ule nilikuwa nasoma kana kwamba bado yuko mapajani ananingoja nimalize.

Nilikaa mikono juu hadi ikaniuma. Kisha nikaishusha, sikuomba kitu.